Majina ya Pacha na Dada Yao Nuru: Tathmini ya Kijitabu cha Shilingi 250

Kijitabu nilichokinunua kina kurasa 112, jalada laini la rangi ya kijani, na pini mbili za waya ambazo moja ilikuwa imekwisha kushika kutu nilipokitoa katika mfuko wake wa karatasi. Nilikilipia shilingi 250 katika duka dogo la vitabu vya dini huku Mji wa Kale, Mombasa, mwezi mmoja kabla ya kujifungua, baada ya skeni kuonyesha kwamba niliowabeba ni wawili na kwamba wote ni wa kiume. Duka sitalitaja wala mchapishaji sitamtaja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema hayatawapendeza. Lakini vijitabu vya aina hii hufanana sana, na mzazi atakayeshika kimojawapo atayakuta mengi ya haya ninayoyaeleza.

Haja yangu ilikuwa mahsusi. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka sita, anaitwa Nuru, nami nilitaka majina mawili ya wavulana ambayo yangekaa pamoja na jina hilo, watatu hao wakitajwa kwa pumzi moja mtu atambue kwamba ni watoto wa nyumba moja. Watu wengi hapa kwetu hulichukua jambo hili upande mmoja tu: huwatafutia pacha majina ya kufanana wao kwa wao, na aliyewatangulia akasahauliwa. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka 11, nimeita rejista kila asubuhi ya miaka hiyo, na nimewaona hao waliotangulia pacha, utasikia hata walimu wenzangu wakisema, "Hassan na Hussein na yule dada yao." Yule dada yao ana jina, na jina lake mara nyingi ni zuri, ila halina mahali pa kushikana na yale mawili, basi huachwa likaanguka.

Nianze na uzuri wa kijitabu, maana upo. Kila jina limeandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini, kisha maana yake kwa Kiswahili chepesi. Hizo herufi za Kiarabu ndizo zilizoniokoa, kama nitakavyoeleza, na kama si hizo ningekuwa nimetupa shilingi 250 zangu. Karatasi ni nzito ya kutosha kuandikwa kwa penseli bila ya kutoboka, na pambizo ni pana, jambo ambalo mtu anayechagua majina kwa miezi hulithamini kuliko picha za maua zilizozungushiwa kila ukurasa.

Ubaya wa kwanza ni tahajia. Aliyekipanga kijitabu hiki alinakili majina kutoka kwa kitabu cha Kiingereza pasipo kuyapitisha katika kinywa cha Mswahili, na kwa hiyo tunaandikiwa Ameer, Muneer, Noor na Rasheed, kana kwamba sisi hatuna i na u zetu zilizokwisha kuzoea kazi hiyo. Kwa upande mwingine, majina ambayo mtu huyasikia kila siku akipita Kibokoni au Kuze hayamo kwa sura yake ya nyumbani. Hakuna Athman, kuna Usman. Hakuna Swaleh, kuna Saleh. Mbarak naye ametafutwa kwa herufi ya M yote akakosekana, ila Mubarak yupo. Wenye kijitabu watasema kwamba ni jina lile lile. Ni lile lile msikitini. Si lile lile katika cheti cha kuzaliwa, ambapo herufi moja huweza kumpandisha mtu na kumteremsha ngazi za afisi kwa miaka.

Ubaya wa pili, na huu ndio ulionifanya nikae kitako niandike, ni ukurasa wa 97 wenye kichwa "Majina ya Pacha." Ni ukurasa mmoja tu katika kurasa 112, una jozi ishirini za majina ya kiume, na karibu zote zimechaguliwa kwa kufanana sauti: moja ikianza kwa Fa na ya pili ianze kwa Fa, moja ikiishia kwa -yan na ya pili iishie hivyo hivyo. Hakuna hata neno moja juu ya ndugu waliotangulia. Na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nzito, imeandikwa kwamba Hassan na Hussein ndio majina bora ya pacha "kwa kuwa wajukuu wa Mtume walikuwa pacha." Hawakuwa pacha. Hassan alizaliwa mwaka wa 3 Hijria na Hussein akazaliwa mwaka uliofuata, na kosa hili si dogo katika kijitabu kinachouzwa hatua chache kutoka msikitini.

Sina kinyongo na majina yenyewe. Nani atakuwa nacho? Ndiyo majina ya kwanza yanayomjia Mswahili yeyote akiambiwa kwamba fulani kapata pacha wa kiume, na yana heshima isiyohitaji utetezi wangu. Lakini Hussein, kwa sarufi ya Kiarabu, ni Hassan aliyefanywa mdogo. Ni kama kusema Hassan mchanga. Kwa ndugu waliopishana mwaka mmoja jambo hilo lina mantiki. Kwa watoto waliopishana dakika 9, kama hawa wangu, sikuona sababu ya mmoja kupewa jina lake mwenyewe na wa pili kupewa jina la mwenzake lililopunguzwa.

Ipo pia sababu ya mezani kwangu. Miaka michache nyuma nilikuwa na Hassan na Hussein darasani, watoto wa baba mmoja, na kwa desturi yetu kila mmoja hufuatiwa na jina la baba kisha la babu, kwa hiyo katika orodha majina yao yalitofautiana kwa herufi chache tu za mwanzo. Mwisho wa muhula wa pili nilimwandikia Hassan alama za hesabu za Hussein. Kosa lilikuwa langu, nililikiri mbele ya mama yao, naye akanijibu bila ya hasira, "Mwalimu, si wewe peke yako, hata daktari wa kliniki aliwahi kumpa mmoja dawa ya mwenziwe." Ukubwani nako hali haibadiliki. Ninao wana wa ami walio pacha wa majina hayo hayo, watu wazima wenye familia zao, na mmoja wao amekwisha kupokea kwa M-Pesa kodi ya nyumba ya mwenzake zaidi ya mara moja, kwa sababu mtumaji huliona jina likitokea kwenye simu, akaona H, akaona jina la baba, akabonyeza.

Kwa hiyo ukurasa wa 97 niliukunja, nikaenda kwa watu.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, alikuwa na rai yake tangu siku ya skeni. Alitaka mmoja wa watoto apewe jina la marehemu mumewe, awe somo wa babu yake, na wa pili apewe jina la babu wa upande wangu. Hii ni njia ya zamani na ya haki, hasa kwa pacha wa kiume, kwani kila ukoo hupata wake na hakuna anayenuna. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Nikamwambia, "Mama, jina la babu lipo tayari. Watoto wote watatu watalibeba jina la tatu, wakiitwa kwa ukamilifu." Mtoto angekuwa fulani bin fulani bin yule yule fulani, jina moja mwanzo na mwisho kama mlango wenye komeo pande mbili, na wapo wengi wa namna hiyo Mombasa, nao huishi vizuri tu. Ila Nuru hakupewa jina la nyanya yeyote. Angebaki yeye pekee ambaye hakurithi chochote, wadogo zake wakiwa masomo wa wazee wawili. Mavyaa alitafuna tambuu yake kwa muda, kisha akasema, "Basi tafuta, lakini usiniletee majina ya sinema."

Mwalimu mwenzangu ambaye ni Mjaluo alinicheka niliposema kwamba bado natafuta. Kwao, alisema, mtoto akija na mwenzake jina huja nao: atakayetangulia ni Opiyo, atakayefuata ni Odongo, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Okello. Ndivyo ilivyo kwa Wasukuma wa Tanzania, ambako Kulwa na Doto yameenea hata kwa watu wasiojua Kisukuma. Lakini walionivutia zaidi ni Waganda, wale wasemao Luganda. Pacha wa kiume kwao ni Wasswa na Kato, na mtoto aliyewatangulia pacha huitwa Kigongo, yaani ujio wa pacha humpa mkubwa wao jina kwa kurudi nyuma. Nililitafakari hilo kwa siku kadhaa. Huko hakuna anayeuliza kama majina ya pacha yanamfaa mkubwa; mkubwa ndiye anayefanywa awafae pacha. Sikuweza kumbadilishia Nuru jina akiwa na miaka sita na tayari amekwisha kulichora kwenye mlango wa kabati, lakini nililipenda wazo kwamba watu wengine walimwona mtoto huyu ambaye kijitabu changu hakikumwona.

Programu ya simu nitaipitia haraka, kwani haistahili zaidi. Ni ya bure kuipakua na inadai kwamba ukiiandikia jina la mtoto mkubwa itakupendekezea majina ya wadogo zake. Niliandika Nuru. Ikaniletea Noah na Nolan. Nilipobonyeza kwamba sisi ni Waislamu ikaniletea Nabil na Nadir, ambayo angalau nayafahamu, lakini mantiki yake ilikuwa ile ile ya herufi ya kwanza, na ilipofika kwenye maana ikafunga mlango ikitaka malipo ya kila mwezi. Kila baada ya majina matano hutokea tangazo la mchezo wa kupasua peremende. Niliifuta siku hiyo hiyo.

Jibu lilitoka katika kijitabu, bila ya mwenye kijitabu kulikusudia. Usiku mmoja usingizi uliponikimbia, kama unavyowakimbia wenye matumbo ya miezi minane katika joto la Machi, nilikuwa nikipitia herufi za Kiarabu badala ya zile za Kilatini, nikaona kwamba jina la binti yangu, lililoandikwa kwa nun, wau na ra, lilikuwa likinitazama kutoka katika kurasa nyingine pia. Nilisoma chuoni, yaani madrasa, kama watoto wote wa mtaa wetu, na maalim wetu alikuwa akitufundisha kwamba maneno ya Kiarabu huwa na shina la herufi tatu, nayo huvishwa nguo tofauti yakawa maneno tofauti. Nilichukua penseli, nikaanza kuyapigia mstari majina yote yenye nun, wau na ra. Munir, mwenye kutoa nuru. Anwar. Munawwar. Nureini. Hayakuwa yamewekwa pamoja popote, kwa sababu kijitabu kimepangwa kwa alfabeti, na alfabeti huwatenganisha ndugu hawa, mmoja kwa A, mmoja kwa M, mmoja kwa N.

Hapa ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikitafuta tangu mwanzo. Majina ya ndugu yanaweza kushikana kwa shina pasipo kushikana kwa sauti. Kiswahili chenyewe kimejaa mifano ambayo hatuitambui kwa kuwa tumeizoea: mnara wa msikiti na nuru ni wa shina moja, kwani mnara asili yake ni mahali pa mwanga; rehema na marehemu ni wa shina moja; salama, kusalimu na Uislamu vivyo hivyo. Mama mwenye Salma anaweza kumzaa Suleiman, mama mwenye Rehema akamzaa Abdulrahman, na hakuna mtu atakayewachanganya wanawe kwenye rejista, lakini anayejua atajua. (Tahadhari moja kwa wanaopenda Abdul: Abdulrahman na Abdulrahim ni majina mazuri mno kwa karatasi, ila kabla ya jioni ya siku ya pili wote wawili watakuwa Abdu.)

Nureini ilinishawishi kwa siku tatu nzima. Kwa Kiarabu ni nuru mbili, na Sayyidna Uthman aliitwa Dhun-Nureini, mwenye nuru mbili, kwa kuwa aliwaoa mabinti wawili wa Mtume mmoja baada ya mwingine, Ruqayya kisha Ummu Kulthum. Nuru mbili, pacha wawili. Niliona nimepata dhahabu. Baba yangu ndiye aliyeniamsha. Alikuwa ameketi barazani na kahawa yake ya tangawizi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, ukimwita mmoja Nureini, huyo wa pili atakuwa nuru ya ngapi?" Sikuwa na jibu. Jina lile lilihesabu watoto wawili ndani ya mmoja, na mwingine likamwacha nje.

Zikabaki Munir na Anwar. Kabla ya kukubali nilikwenda kwa maalim wangu wa zamani, ambaye bado husomesha watoto alasiri, na nilikwenda na kijitabu. Alikivua vumbi ambalo hakikuwa nalo, kama afanyavyo kwa kila kitabu, akafungua ukurasa wa 14, akasoma kwamba Anwar maana yake ni "nuru nyingi," akatikisa kichwa. Alinionyesha kwa kidole. Jina la mtu, alisema, huandikwa bila ya alifu kati ya wau na ra, nalo ni la mizani ile ile ya Akbar tunayoisikia katika adhana na ya Ahmed: maana yake ni angavu zaidi. Linaloandikwa kwa alifu hapo kati, likavutwa, ndilo wingi wa nuru. Kijitabu kimeandika la kwanza kwa Kiarabu na kikatoa maana ya la pili kwa Kiswahili. Kwa herufi zetu za Kilatini yote mawili huwa Anwar, na hapo ndipo mpangaji alipoteleza.

Kuhusu Munir hakuwa na neno ila sifa. Katika Suratul-Furqan mwezi umeitwa munir, na katika Suratul-Ahzab Mtume mwenyewe ameitwa taa yenye kutoa nuru kwa neno hilo hilo. Nilipokuwa nikiondoka akaniongezea, kwa tabasamu la mwalimu ambaye hawezi kuiacha hesabu nusu, kwamba naari, yaani moto, nayo ni ya shina hilo hilo, kwa hiyo nisishangae watoto wakiwa wakorofi.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kunishika. Nilimkatalia Hussein kwa sababu ni Hassan mdogo, kisha nikaenda kuchukua Anwar, angavu zaidi. Zaidi ya nani, kama si ya ndugu yake? Mume wangu aliniuliza hilo usiku ule ule. Nakiri kwamba sina utetezi kamili. Nililomjibu ni kwamba Hussein imetengenezwa kutokana na Hassan, na haiwezi kusemwa bila ya kumkumbusha mtu Hassan. Anwar haikutengenezwa kutokana na Munir, imetokana na nuru kama Munir ilivyotokana nayo, na wote wawili wanamrudia dada yao, hawarudiani. Alisema nimejibu kama wakili. Kisha tukakubaliana kwamba atakayetangulia awe Munir, ili asiyetangulia asijione amepunjwa mara mbili.

Lilibaki jaribio ambalo hakuna kijitabu kilichonifundisha, nalo ningependa liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha majina kinachouzwa mji huu. Nyumba yetu iko ghorofa ya pili juu ya kichochoro chembamba, na watoto wa mtaa huu huitwa kwa dirisha. Saa kumi na mbili jioni, magharibi ikikaribia, kina mama wote hutoa vichwa nje, na kila mmoja hupiga jina lake. Nilimsimamisha dada yangu pale chini penye njia panda, karibu na muuza viazi karai, nikafungua dirisha, nikaita jozi zote tulizokuwa nazo, yeye akaandika alichosikia. Nabil na Nadir alizisikia kuwa jina moja lililorudiwa. Salim na Suleiman alizipambanua mara mbili katika tatu. Nuru, Munir, Anwar alizisikia zote tatu bila ya kukosea, hata pikipiki ilipopita, kwa kuwa moja inaishia kwa u iliyo wazi, ya pili inakazwa kwenye ni, na ya tatu inaanza kwa a ya kufungua mdomo. Muuza viazi aliniuliza kama kuna watoto waliopotea.

Nitasema pia juu ya leso, kwa kuwa nilizinunua wiki ile ile. Katika Mtaa wa Biashara leso huuzwa kwa jozi, vipande viwili vilivyoshikana, rangi moja, mauwa mamoja, na maneno mamoja yaliyochapishwa chini, ambayo sisi huyaita jina la leso. Muuzaji huikata katikati, fundi aliye mlangoni akapinda, ukaenda nazo. Ninaamini kwamba mawazo yetu mengi kuhusu majina ya pacha tumeyachukua dukani humo: kipande hiki na kipande hiki, jina moja. Leso ikipotea kipande kimoja jozi imeharibika. Munir akibaki kusoma Mombasa na Anwar akaenda kufanya kazi Nairobi, hakuna kilichoharibika, na hakuna atakayemwuliza mmoja wao, "Mwenzako yuko wapi?" kwa kulisikia jina lake tu.

Watoto walizaliwa salama, alhamdulillahi, na kwa siku tatu hospitalini walivaa vitambulisho vya mkononi vilivyoandikwa jina langu na nambari, 1 na 2. Siku ya saba zilichinjwa mbuzi wa akika, wawili kwa kila mvulana, na majina yakatangazwa mbele ya jamaa. Mavyaa aliuliza ni sinema gani. Alipoelezwa shina akawa yeye ndiye anayewaeleza wageni, na kwa siku za karibuni nimemsikia akisema kwamba wazo lilikuwa lake.

Kwa upande wa afisi nilichukua hadhari ambayo rejista ya shule imenifunza. Sheria ya Kenya inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi 6, na baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na huleta masharti zaidi. Jina lililokwisha kusajiliwa nalo mzazi anaweza kuomba libadilishwe ndani ya miaka 2. Muda upo, lakini nilijua kwamba kosa la herufi huingia kwa sekunde moja na kutoka kwa mwaka. Niliyaandika majina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, MUNIR na ANWAR, nikampa karani mkononi badala ya kumtamkia. Bado aliandika MUNEER katika nakala ya kwanza. Nilimwonyesha karatasi yangu, akasema kwamba ndivyo linavyoandikwa vitabuni, nami nilijua kabisa ni vitabu gani. Alirekebisha papo hapo, na kwa hilo ninamshukuru.

Nikipewa nyota tano za kugawa, kijitabu ningekipa tatu: mbili kwa herufi za Kiarabu na pambizo pana, moja kwa bei. Ukurasa wa 97 ningeuondoa kabisa, na mahali pake ningeweka orodha ya mashina, hata ishirini tu, kila shina na majina yake ya kike na ya kiume pamoja, ili mzazi mwenye Nuru, mwenye Salma au mwenye Rehema afungue mahali pamoja akute jamaa wote wa jina la mwanawe. Mswahili anayejua tahajia yetu apewe rasimu kabla haijaenda kwa mchapaji. Na ile habari ya Hassan na Hussein isahihishwe hata kama hakuna jingine litakalofanywa.

Nuru mwenyewe hakuulizwa, na amelitaja hilo mara mbili. Anawaita wadogo zake kwa majina yao, hajawahi kuwachanganya, ingawa mimi nimewachanganya nikiwanyonyesha usiku taa ikiwa imezimwa. Kijitabu sasa kiko kwa jirani wa ghorofa ya chini anayetarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto mmoja, dada yake akiitwa Saada. Nimempigia mstari wa penseli kwenye Masoud na Said, na nimemwomba akishike kwa uangalifu, kwa kuwa ile pini yenye kutu imekwisha kukatika.